Wati 100 za nini, kadogo? Kuhusu ampli ya gitaa ya kufanyia mazoezi nyumbani

Kijana mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, aliniandikia Jumapili usiku baada ya kuona video yangu moja ya sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa linachangamka na watu wanacheza: “Yaya (mkubwa wangu), nimejikusanyia dola 150. Mjini kuna ampli ya wati 100, imetumika kidogo, muuzaji anasema nikiongeza 40 ananipatia. Nichukue?” Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitatosha. Swali hilo la ampli, yaani kikuza sauti cha gitaa, nalipata kila nikitia video, na ushauri ambao vijana wanapewa huko madukani unanitia hasira. Basi najibu hapa, na wengine wasome.

Usichukue.

Ile sauti uliyoisikia kwenye video, kadogo, mdogo wangu, imetoka kwenye Vox Pathfinder 10. Ni ampli ya wati 10, spika moja ya inchi 6.5, vitufe vinne vya kuzungusha, tundu la kaski (spika za masikioni), basi. Hata riverbu, ule mwangwi wa kuongezea, haina. Niliinunua mkononi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia Ndola, na hakunidai bei ya kunitoa jasho. Niliiweka juu ya kiti cha plastiki ili spika ielekee masikio yangu, maana ukiiacha chini sakafuni unapigia miguu. Simu nikaiegemeza kwenye sufuria upande wa pili wa chumba, nikapiga. Walioniuliza nimerekodia studio gani, jibu ndilo hilo: chumbani, Katuba, mlango umefungwa, jirani amelala.

Huyo jirani amenifundisha kuchagua ampli kuliko muuzaji yeyote. Lupango letu, yaani ua wetu, lina milango mingi na kuta za tofali moja, na papa mmoja, mzee wa mlango unaofuata wangu, anafanya zamu ya usiku mgodini. Analala mchana, saa zile zile ambazo mimi nina nafasi na, Mungu akipenda, umeme upo. Siku moja alikuja na taulo begani, macho mekundu. Hakunigombeza. Alisema: “Mwanangu, gitaa sikukatazi. Lakini zile nyuzi nene zinapita ukutani, zinanikuta kwenye mto.” Mzee akikuongelesha hivyo utamjibu nini? Tangu hapo napiga kwa sauti ambayo mtu aliye chumbani anaweza kuongea nami bila kupaaza. Na ampli nikaanza kuzipima kwa kipimo hicho: kwa sauti ya chini namna hii, bado ni tamu? Nyingi si tamu.

Hapa ndipo wati zinapowapumbaza watu. Ampli ya wati 100 haisikiki mara kumi zaidi ya ile ya wati 10. Kuzidisha wati mara kumi kunaongeza desibeli 10 (kipimo cha nguvu ya sauti), na sikio la mtu husikia hiyo kama sauti iliyozidi mara mbili hivi. Ukitoka wati 10 kwenda 20 umeongeza desibeli 3 tu, na pesa umetoa nyingi. Halafu nyumbani hata hizo 10 huzimalizi, kwa sauti ya mazungumzo ampli inatumia chini ya wati moja. Ndiyo maana kampuni ya Boss, kwenye ampli yao ya Katana 50, wameweka swichi ya kuishusha hadi wati 0.5. Watengenezaji wanajua watu wanakaa wapi. Wewe na wati zako 100 chumbani utakuwa unagusa kitufe cha sauti kwa ncha ya ukucha: hapa hakuna kitu, ukisogeza kidogo tu avenyu nzima imeamka.

Na sikio lenyewe lina mambo yake. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio halipunguzi vyote sawasawa. Besi ndiyo inayopotea sana. Kwa hiyo ampli uliyoipenda dukani ikiwa imefunguliwa sana itakukaukia nyumbani hata kama haina ubovu wowote. Muuzaji atakuambia “fungua, fungua, usikie nguvu!” Usifungue. Isikilize kwa sauti utakayoitumia, na akikereka, akereke.

Niseme na hili, maana bado linaniuma. Kabla ya hiyo Vox nilikuwa napiga mi-solo, gitaa linalokaa kati ya linaloongoza na linalosindikiza, kwenye kwaya moja ambayo sitaitaja. Siku moja ya mazoezi umeme ulikatika, nikatoa kwenye begi ampli yangu ndogo ya betri, Roland Micro Cube ya zamani, wati 2, spika ya inchi 5. Kiongozi akacheka mbele ya wote: “Umetuletea redio ya mtoto?” Wakacheka na wengine, hata wale niliowafundisha kutyuni gitaa. Nikakaa, nikapiga. Bila maiki, bila kinanda, ile redio ya mtoto ilitosha kabisa. Masoprano walikuwa wanaifuata ili wasipotee. Hakuna aliyesema asante. Baadaye akaja kijana mwenye ampli kubwa ya mjomba wake, mimi nikaambiwa nipumzike kidogo. Nimepumzika hadi leo.

Yule kijana simlaumu. Lakini majuzi nilipita karibu na kanisa lile, nikasimama kusikiliza: ampli kubwa, vifungu vile vile vitatu, na mwendo unamkimbia. Ampli inalala kanisani, nyumbani hana cha kupigia, sasa mazoezi atayafanyia wapi? Mimi muda huo wote nilikuwa chumbani na kaski masikioni. Leo naandikiwa na watu kutoka Likasi na Kolwezi. Sijivuni, nasema yaliyopo.

Ndiyo maana nawaambia vijana: mnanunua macho ya watu. Mnanunua ampli ya jukwaa ambalo bado hamjaitwa kupanda, halafu nyumbani mnapiga gitaa kavu bila kuchomeka, mkono unajifunza kuchapa nyuzi kwa nguvu ili isikike, na siku ya ampli mkono haujui kupiga kwa ulaini. Nunua ya chumbani kwanza. Ya jukwaa utaikuta jukwaani.

Tuje kwenye sauti yenyewe. Wengi wanaosifia ampli kwenye mtandao ni watu wa roki, wanahesabu aina za distoshini, yaani sauti ya kukwaruza. Sisi wa sebene tunapiga solo inayoongoza, mi-solo, na akompanyema inayosindikiza, na zote zinataka sauti safi, inayong’aa juu, ambayo nyuzi mbili zikilia pamoja unasikia mbili. Piga mi-solo kwenye ampli inayokwaruza uone, vidole vinafanya kazi yote na kinachotoka ni uji. Katanga hii ndiyo ya mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake kavu: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole kingine kinaimba juu, na kila kimoja unakisikia mahali pake. Ampli yako ikiweza kutenganisha hivyo, ni ampli. Dukani jaribu chaneli safi, ile isiyokwaruza, na ukimaliza, jaribu tena chaneli safi. Hizo nyingine mwachie muuzaji acheze nazo.

Kuna watakaokuambia lazima iwe ya lampu, zile taa za kioo za ndani zinazokuza sauti. Lampu ni tamu, sikatai, ila nyingi zinataka kufunguliwa ndipo ziimbe, zinachakaa, zinataka kubadilishwa, na wewe utairudisha nyumbani kwa pikipiki. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista tupu, vipande vidogo vya kielektroniki badala ya lampu, na usafi wa sauti yake unasifiwa duniani hadi leo. Ni kubwa na ya bei, haituhusu mimi na wewe. Naitaja ili ukibezwa kwa “transista” uwe na la kujibu.

Sasa umeme, na hapa fungua macho. Geuza ampli. Nyuma, karibu na pale waya unapoingia, kuna kibao chenye maandishi madogo. Washa tochi ya simu usome. Prizi zetu ni 220V, 50Hz. Ukikuta 220 hadi 240V, endelea. Ukikuta 120V 60Hz, hiyo imetoka Marekani kwenye mzigo wa mtu, na ukiichomeka hivi hivi utasikia mlio mmoja na kunusa harufu moja. Rafiki yangu ilimkuta Kamalondo, pesa bado hazijapoa mkononi mwa muuzaji, na jibu alilopewa ni kwamba mali ikishatoka hairudi. Transfoma ya kushusha ipo, lakini ni gharama nyingine na mzigo mwingine. Zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi zina plagi ya miguu mitatu ya bapa kama za Zambia. Hiyo isikutishe, volti zinakubaliana, unabadilisha kichwa tu. Ila fundi asikuondolee ule waya wa kijani na njano akidai hauna kazi. Bila huo ampli inaweza kukupiga shoti kupitia nyuzi za gitaa.

Kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, mimi bado naipenda ampli ya betri kama ya pili, na kwa mwenye pesa ya moja tu inaweza kuwa ya kwanza. Katana Mini ya Boss ina wati 7 na inakula betri sita za AA. Nunua betri za kuchaji, uzichaji umeme ukiwepo. Lakini angalia adapta! Za Boss na Roland wanazotumia kwenye hizi ndogo ni za 9V, na alama ya kutoa (−) iko katikati. Adapta nyingi za ruta za intaneti zinazouzwa sokoni zina alama ya kujumlisha (+) katikati, nyingine ni 12V, na kichwa kinaweza kuingia vizuri tu. Kwenye adapta kuna kichoro kidogo cha nukta ndani ya duara, kimefungwa pande mbili na + na −. Soma hicho kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake.

Siku ya kununua nenda na gitaa lako na kebo yako. Washa, sauti ikiwa sifuri, weka sikio karibu na spika: mngurumo mdogo ni kawaida, ukisikia kama mashine ya kusaga, ondoka. Zungusha kila kitufe taratibu huku nyuzi zinalia. Kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, fundi anasafisha, na wewe unapunguza bei. Tikisa jeki, pale kebo inapoingia, sauti ikikatika, punguza tena. Kisha panda juu ya fret (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya 12, kule sebene inakoishi, upige zile nyuzi nyembamba mbili pamoja. Spika za inchi 3 huku juu zinalia kama mbu, ndiyo maana nasema inchi 6.5 au 8 ukipata. Malizia na uzi mnene ukiwa mtupu, usikie kama sanduku linatetemeka.

Tundu la kaski ni lazima, sitabishana. Kaski iwe ya waya; ya Bluetooth sauti inachelewa, unapiga sasa unasikia baadaye, na mwendo wako unaharibika. Tundu la kuingiza muziki wa simu ni zuri sana kwa kufuata nyimbo. Vox yangu haina, nimevumilia. Na tafadhali, bafle, ile spika kubwa ya karaoke, usiichukue kama ampli. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, zinataka tundu lake maalumu, ukizichomeka kwenye tundu la kawaida ule mng’ao wa juu unakufa.

Basi dola zako 150, mimi ningezigawa hivi: zisizozidi 100 kwa ampli ya transista ya wati 10 hadi 20, iliyotumika, yenye chaneli safi inayokupendeza. Fender Frontman 10G, Orange Crush 12, Marshall MG10, Vox kama yangu, yoyote utakayoikuta nzima. Zinazobaki: kebo moja nzuri, maana za bei ya chini zinakufa kila mara, kaski ya waya, na nyuzi mpya. Usiongeze zile 40.

Ukiipata, nitumie picha ya kibao cha nyuma kabla hujalipa. Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa nane. Jumapili asubuhi usinipigie, napiga kanisani, kwaya nyingine.