Usiogope njia pana ya miguu, pigania saa za kushusha mizigo

Dada, umeuliza kama kupunguza magari mtaani kwenu na kupanua njia ya miguu kutaua maduka. Tazama Luthuli Avenue, Nairobi: mwaka 2019 magari yaliruhusiwa kwenda uelekeo mmoja tu, njia za miguu zikapanuliwa, na maduka ya redio na televisheni bado yapo. Mteja aliyekumbatia katoni ya televisheni anahitaji nafasi kuliko gari lililoegeshwa.

Ninachokusihi: saa za kushusha mizigo, alfajiri hivi, ziandikwe ndani ya mpango wenyewe. Na nguzo fupi ukingoni, la sivyo bodaboda watapanda juu siku ya kwanza. Miti iwe ya kivuli, tafadhali, si mitende ya mapambo. Mama mboga naye atengewe mahali pake kabla mkandarasi hajamwaga zege.