Kabla hujailipia hiyo sahani ya Delft, tazama ilipomeguka

Usilipe, mleta uzi. Hata kama umekwisha kutoa arubuni, ni heri arubuni ipotee. Umeandika kwamba muuzaji mmoja wa soko la vitu vya kale huko Uholanzi anakuuzia sahani ya Delft, yaani ya udongo wa kuchoma, ya buluu na nyeupe, kama zilivyotengenezwa katika mji wa Delft, kwa euro 900, akidai ni ya karne ya 17 kwa kuwa nyuma ina herufi AK, na umeuliza kama bei ni ya haki, namna ya kuisafisha, namna ya kuitundika ukutani, na kama ingekuwa busara kuanza na vigae badala ya sahani. Nilipofika kwenye hizo herufi mbili damu ilinichemka, kwa maana ndizo zilizonila euro 2,400.

AK ni Adrianus Kocx, aliyemiliki kiwanda cha De Grieksche A mjini Delft kuanzia 1686 hadi 1701, na vyombo vyake vilikwenda mpaka kasri la Hampton Court kwa Malkia Mary II wa Uingereza. Sasa jiulize, chombo cha kiwanda kilichomhudumia malkia kinatafuta nini sokoni, kati ya kikaangio na saa mbovu? Mimi sikujiuliza, nilidhani Mungu amenikumbuka. Alama hiyo ni miongoni mwa zilizoghushiwa sana, ilhali vyombo vingi halisi vya zama hizo havina alama yoyote, na ilipofika 1764 ndipo wenye viwanda wa Delft walipotakiwa kuziandikisha alama zao kwa wakuu wa mji.

Aliyeniuzia alikuwa na koti la sufu, sauti ya upole na kitabu kinene cha alama, ambacho alikifungua na kukilaza kando ya sahani ili nilinganishe mwenyewe, huku akiniambia kwamba alama haidanganyi. Laana ya kitabu kile ni kwamba hata mghushi anaweza kukinunua. Nilipoirudisha sahani, bwana yule alinionyesha risiti yangu mwenyewe, ambayo kwa Kiholanzi ilisema nimenunua "sahani ya mapambo kwa mtindo wa Delft", nami nilikuwa nimeitia sahihi huku nikitabasamu. Neno "mtindo" lilikuwa dogo. Bei haikuwa ndogo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayetengeneza vyombo vilivyovunjika. Alama hakuitazama kabisa. Aliupeleka ukingo dirishani, akaweka kioo cha kukuza pale palipomeguka, kisha akapitisha pamba yenye maji ya vuguvugu, na ule uhudhurungi niliouita uzee ukahamia kwenye pamba. Chini yake udongo ulikuwa mweupe pepepe na mgumu.

Delft ya kale haiko hivyo. Udongo wake ni laini, wa rangi ya manjano iliyofifia, na kwa kuwa haukuwa mweupe kama kauri ya China waliyoiiga, chombo kilichomwa mara ya kwanza, kikachovywa kwenye gilezi (ule utando unaogeuka kama kioo ukichomwa) iliyotiwa madini ya bati ili weupe wake uufiche udongo, kikachorwa kwa kobalti, yaani rangi ya buluu, juu ya gilezi ikiwa bado mbichi, inayonyonya brashi na isiyokubali kufutwa, ndipo kikachomwa tena. Gilezi hiyo hukaa kama chokaa juu ya ukuta wa udongo: kwenye kingo humeguka vipande vidogo, na manjano huchungulia. Tafuta pia vitundu kama vya sindano juu ya gilezi, na kwa sahani, makovu matatu upande wa nyuma karibu na ukingo, palipokuwa na vijiti vya kuishikilia ndani ya tanuri. Udongo mweupe wenye mchoro chini ya gilezi angavu ni kazi ya zama za baadaye. De Porceleyne Fles, kiwanda kingine cha Delft, waliifuata njia hiyo baada ya Joost Thooft kukinunua kiwanda 1876, nao huweka alama yao ya chupa waziwazi, kwa hiyo ugomvi wangu si nao.

Kwa hiyo, udongo kwanza, alama mwisho. Muuzaji akikuzuia kugeuza sahani au kusogeza kioo kwenye pengo, ondoka, hata kama amekwisha kukukaribisha kahawa; mimi nilikunywa yake, na sijapata kunywa kahawa ghali kama ile. Ukingo ukiwa mzima kabisa, shuku rangi ya fundi wa ukarabati, na uumulike gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, kwani mara nyingi sehemu iliyopakwa upya hung'aa tofauti na gilezi ya asili. Siku za maonyesho kabla ya mnada utaruhusiwa kushika vyombo halisi bila kununua, na vidole vyako vitajifunza huko mambo ambayo kitabu cha bwana yule hakina.

Piga picha ya palipomeguka, kwa karibu, mchana, karibu na dirisha, kisha uiweke hapa kabla ya kurudi kwa huyo muuzaji. Picha ya alama usihangaike kuituma.