Mbwa wa kuwinda ndani ya nyumba ya watoto

SWALI: Daktari, tuna mbwa dume wa aina ya Weimaraner, wa miezi 9. Kila asubuhi namkimbiza kilomita 8, lakini haipiti saa moja kabla hajaanza kutafuna viatu, kuwarukia watoto na kulia nikifunga mlango. Niongeze mbio, au tulikosea kumchukua?

JIBU: Usiongeze, punguza. Katika umri huo mifupa yake bado inakua, na mbio ndefu za mwendo mmoja, hasa kwenye lami, huumiza viungo. Isitoshe, unamjengea pumzi: mwezi ujao kilomita 8 hazitamtosha.

Weimaraner alizalishwa Ujerumani katika karne ya 19 ili amfuate mwindaji kutwa nzima, anuse, aonyeshe mawindo, ayalete. Katika mbio zako miguu inafanya kazi, pua haina kazi. Mpe hiyo kazi. Mwage sehemu ya chakula chake kwenye nyasi akitafute mwenyewe. Watoto wafiche vipande vya nyama chumbani, kisha wamwambie “tafuta!” Matembezini tumia kamba ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, maana akichomoka ghafla shingo ndiyo itakayobeba kishindo. Akitaka kusimama kwenye kichaka kimoja dakika tano, mwache.

Akiwarukia watoto, wasimame kimya na kumpa mgongo; wakipiga kelele na kukimbia, yeye huona ni mchezo. Dume aliyekomaa hufika kilo 30 hadi 40, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe naye peke yake, hata kama mbwa ni mpole kiasi gani. Sungura na kuku nao wasipate nafasi ya kumjaribu.

Kilio cha mlangoni hakiponi kwa ukali. Toka kwa sekunde chache, rudi kabla hajalia, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Hii ni aina inayoganda kwa watu wake, ndiyo maana sioni kosa kumweka ndani na familia. Kosa lingekuwa kumfungia uani peke yake.

Jambo la mwisho hukuliuliza. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu wamo hatarini kupata tumbo la kujaa gesi na kujipinda. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, na apumzike baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba naye anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, usisubiri kupambazuke: mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.