Kaka yuko ndani, tunaishiwa na maneno

SWALI: Shangazi, kaka yangu amefungwa miaka minne, sasa yumo katika wa pili. Nikienda kumtembelea tunajuliana hali, anamuulizia mama, kisha tunabaki kutazamana mpaka askari aseme muda umekwisha. Utotoni ndiye aliyekuwa akinisomea hadithi usiku, akiigiza na sauti ya fisi. Nimewaza tusome kitabu kimoja, yeye kule, mimi huku. Ila shule aliiacha mapema, naogopa ataona namgeuza mwanafunzi. Nianzeje?
*Mdogo mtu*

JIBU: Mdogo mtu, anzia hapo hapo kwenye fisi. Mwambie hujaisahau ile sauti, na unamdai nyingine. Halafu kitabu achague yeye.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilikosea. Mdogo wangu wa kiume alipofungwa nilimpelekea kitabu kinene cha kurekebisha tabia, kina maswali kila mwisho wa sura. Akaniandikia: "Dada, mahubiri huku yanatutosha." Kilichokuja kutuunganisha ni riwaya ya wizi aliyoiokota maktaba ya gereza, kurasa za mwisho zimechanika. Alitaka nimwambie mwizi ni nani. Nikaitafuta, nikaisoma usiku mmoja, nikakataa kumwambia mpaka akisie. Tulibishana kwa barua miezi miwili! Alipokaribia, nikamnakilia kurasa zile kwa mkono.

Kabla hujanunua chochote, uliza utaratibu wa gereza lake. Baadhi ya magereza hayapokei jalada gumu, na mengine hukubali tu kitabu kipya kinachotumwa moja kwa moja na muuzaji. Nunua nakala mbili za toleo moja ili kurasa zilingane. Barua husomwa na askari, kwa hiyo ya ndani kabisa msubiri muonane.

Na usimuulize "umeelewa?" Hilo ni swali la mwalimu. Miaka ya 1970, katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini, wafungwa wa kisiasa walizungushiana kitabu kimoja cha tamthilia za Shakespeare, ambacho mwenye kitabu alikuwa amekibandika kadi za sikukuu ya Kihindu ili askari wadhani ni cha dini. Kila mmoja alitia sahihi kando ya maneno aliyoyapenda. Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, penye maneno ya Julius Kaizari, katika tamthilia yenye jina lake, kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao. Sahihi tu, hakuna aliyedaiwa insha. Nanyi fanyeni hivyo: kila sura, kila mtu achague sentensi moja aitume bila maelezo. Siku ya kuonana mtakuwa na la kuteta.

Kama kaka yako anasoma polepole, chukueni hadithi fupi. Kama simu zinaruhusiwa, akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, wewe usimsahihishe hata neno.

Zipo wiki atakuwa hajagusa kitabu. Usimhoji, zungumzeni habari za mama. Na ukiwa wewe ndiye hukusoma, kiri mapema. Mimi nilidanganya mara moja. Akaniuliza kwa upole yule mbwa nilimwonaje, nikamsifu sana. Kitabu kizima hakikuwa na mbwa.