Kwa mnaotengeneza kazi za sanaa za kushikwa

Juzi tena nimeingia kwenye instalesheni, yaani sanaa ya kupanga vitu chumbani, ya vikombe na kamba. Ukutani aya tano za falsafa, na wageni wamefunga mikono nyuma kama waliokuja kutoa pole. Wadogo zangu, hebu tukae.

1. Maelekezo ni mstari mmoja. Mwaka 2002 huko Brisbane, Australia, msanii wa Japani Yayoi Kusama aliandaa chumba cheupe pepepe, samani na vyote, akawapa watoto stika za rangi wabandike popote. Basi.

2. Anza na mlinzi. Hili linaniuma mpaka leo. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa rundo la funguo kuukuu na kuta zenye misumari: mgeni achague ufunguo, autundike anapotaka. Siku ya ufunguzi hakugusa mtu. Kesho yake vilevile. Msomi mimi nikakaa chini nikaandika makala ndefu juu ya hofu ya watazamaji mbele ya sanaa, nikampelekea msimamizi wa maonyesho, naye akaisifu! Mchana mmoja nikaingia bila beji, nikanyoosha mkono. Mlinzi akaniwahi: “Samahani, hairuhusiwi kugusa.” Nikamwambia msanii ni mimi. Akanitazama kuanzia viatuni. “Wote husema hivyo.” Hakuwa na kosa. Taa nilizihangaikia usiku kucha, yeye sikumpa hata salamu, achilia mbali maelezo. Na makala yangu ilikuwa imeshabandikwa mlangoni, karibu kabisa na kiti chake.

3. Weka akiba. Rundo la peremende la msanii Felix Gonzalez-Torres la 1991, kazi inayomkumbuka mpenzi wake Ross, lina uzito lengwa wa pauni 175, kama kilo 79. Watu huchukua, na rundo huweza kujazwa upya. Kupungua na kujazwa ndiyo kazi yenyewe. Wewe stoo yako iko wapi? Nani ana ufunguo? (Ndiyo, funguo tena.)

4. Vitu vya kawaida huumiza. Jumba la sanaa la Tate, London, 1971: msanii Robert Morris aliweka mbao, kamba na vitu vya kupanda, wageni walivivamia kwa fujo, wengine wakaumia, maonyesho yakafungwa baada ya siku nne. Mwaka 2010 msanii wa China Ai Weiwei alimwaga mbegu za alizeti za kauri (udongo uliochomwa) zipatazo milioni 100 katika jumba la Tate Modern, London, na vumbi lake likafanya watu wazuiwe kuzikanyaga. Halafu wewe unaniambia kingo za mabati “hazina shida”. Piga msasa.

5. Mfanya usafi aambiwe lipi ni takataka na lipi si takataka. Jioni ya kuamkia ufunguzi, si asubuhi yake.