Krismasi ya Peke Yangu Mashambani Uingereza, Bila Gari

SWALI: Mimi ni muuguzi kutoka Tanga na ninafanya kazi London. Ningependa kupumzika peke yangu wakati wa Krismasi katika mji mdogo wenye utulivu, lakini siendeshi gari. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na ratiba ya treni kabla hujachagua nyumba ya wageni, kwa sababu tarehe 25 Desemba treni kwa kawaida hazisafiri kabisa, mabasi ya vijijini karibu yote husimama, na tarehe 26 huduma huwa chache mno. Tunakushauri ufike tarehe 23 na urudi tarehe 27 au baadaye, baada ya kuthibitisha kwamba njia yako haijafungwa kwa matengenezo, ambayo mara nyingi hufanywa siku hizo hizo.

Chaguo letu ni Moreton-in-Marsh, katika eneo la Cotswolds lenye nyumba za mawe ya rangi ya asali. Treni kutoka stesheni ya Paddington, London, hufika huko kwa takriban saa moja na nusu kupitia Oxford, na kutoka stesheni hadi barabara kuu ni dakika chache kwa miguu. Lipia chakula cha mchana cha Krismasi pamoja na chumba, na ununue vitafunio mapema, maana sheria ya mwaka 2004 inazuia maduka makubwa kufunguliwa siku hiyo. Matembezi ya mashambani, ambayo kwetu ndiyo raha kuu ya safari hii, yamalizike kabla ya saa kumi jioni, kwani jua hutua mapema, na uvae viatu visivyopenya maji.