"Vig" ni nini hasa kwenye kubeti?

Umeuliza "vig" maana yake nini. Ni kifupi cha "vigorish", neno la mtaani la Marekani: fungu analojikatia mchezeshaji kamari, timu yoyote ishinde.

Asili yake ni safari ndefu. Kirusi kina neno "vyigrysh", yaani ushindi au pato. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walilichukua katika Kiyidishi chao, wakahamia nalo Marekani, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia kwenye Kiingereza cha wacheza kamari. Wakopeshaji wa riba ya kuumiza nao wakaiita hivyo hivyo faida yao. Kwa hiyo neno lililomaanisha kushinda likabaki kuwa la yule asiyeshindwa kamwe, na hilo kwangu ndilo la kushangaza zaidi.

Tazama hesabu yenyewe. Timu mbili zinalingana nguvu. Wewe unaweka dola 110 kwa hii, mwenzako 110 kwa ile, ili kupata faida ya 100. Mezani kuna 220. Mshindi anaondoka na 210. Kumi zimebaki kwa mwenye meza, na hakubashiri chochote.

Hata kwenye mkeka wako, yaani tiketi yako ya kubeti, ipo. Mechi ya hamsini kwa hamsini ilistahili odds 2.00 (ukishinda unarudishiwa dau lako mara mbili) kila upande, ukikuta 1.91 na 1.91, hiyo tofauti ndiyo vig. Na ukisuka mechi kumi kwenye mkeka mmoja, unakatwa kwenye kila mechi, makato juu ya makato. Tafadhali piga hesabu hiyo kabla hujaweka hela ya kodi.